Nzi za Bwana Mbio

Emile alirudi nyumbani asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka kwenye majani ya muhogo, na Léontine alipomwona tu alijua kuna jambo. Boi wa mzungu harudi kwake saa za kufua na kupiga pasi. Tena alikuwa amefunga vifungo vya koti lake jeupe la kazi hadi shingoni, na mkono mmoja umekandamiza tumbo kama mtu anayeumwa.

"Baba Cécilia, unagonjwa?"

Aliingia ndani, akausukuma mlango kwa kisigino, akatoa chini ya koti kisanduku cha mbao nyekundu chenye bawaba za shaba. Léontine alikuwa akikijua kisanduku hicho kwa kukisikia tu. Ndimo Bwana Mbio alimoweka nzi zake.

Bwana Mbio ni jina alilopewa na watu, kwa sababu jina lake la Kibeleji hakuna aliyeweza kulitamka bila kujiuma ulimi, na kwa sababu alitembea kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa mzungu wa kampuni ya pamba, akikaa kwenye kituo kidogo karibu na mto Luama, kando ya barabara itokayo Kabambare kwenda Kasongo. Akishamaliza kupima pamba ya watu na kuwafokea, alikwenda mtoni na ufito mrefu mwembamba, akavua kwa namna ambayo wenyeji walikuwa bado wanaicheka: bila mnyoo, bila chambo chochote cha kuliwa, ila nzi wa uongo aliyefungwa kwa uzi na manyoya juu ya ndoano. Samaki alimdhania mdudu, akaja kula, akaliwa yeye. Nzi hizo zilitoka kwao Ubeleji, na alizipenda kuliko bunduki yake.

Emile alikifungua kisanduku.

Ndani hamkuwa na nzi. Mlikuwa na ndoano tupu, zimechomekwa safu kwa safu, na vumbi la kijivu lenye vipande vya manyoya, nyuzi zilizolegea na maganda ya viwavi. Nondo walikuwa wameingia wakataga, na viwavi wao wakala kila kitu kilichowahi kuwa mwilini mwa ndege.

"Anarudi siku ya posho," Emile akasema kwa sauti ndogo. "Anamuleta mukubwa wake toka Kasongo, wanakuja kuvua wote wawili. Na aliniambia, Léontine. Aliniambia, Emile, dawa ya nondo usisahau."

Léontine alikaa kitandani. Hakuwa na haja ya kuuliza dawa ilikwenda wapi. Vile vidonge vyeupe vya harufu kali vilikuwa katika sanduku lake mwenyewe, kati ya vitenge vyake vya kanisani. Yeye ndiye aliyeviomba, Emile akamletea, na tangu hapo hakuna nguo yake iliyotobolewa tena.

"Atanifunga," Emile akasema. "Théophile mupishi alivunja sahani tu, akarudi toka gerezani mifupa mitupu. Leo hii naenda Lusangi kwa mujomba. Kule kwenye machimbo hakuna mutu wa kuniuliza."

"Na miye? Na mutoto?"

Cécilia, ambaye alikuwa ndio kwanza anaota meno, alikuwa amelala mgongoni mwa mama yake, shavu limebanwa na kitenge. Emile alimtazama.

"Ukikimbia watasema uliiba," Léontine akasema. "Watakuja kutushika sisi. Hakuna hata nzi moja iliyobaki?"

Emile alifikiri. "Iko moja. Kwa kofia yake ya zamani, ile ya mvua. Aliichomeka pale akasahau."

"Ilete."

Alipoileta, Léontine aliiweka kwenye kiganja na kuigeuza kwa ncha ya sindano. Alikuwa amekulia kwa masista wa Kasongo, na huko walimfundisha kutarizi mavazi ya padri, nyuzi nyembamba kuliko nywele. Kazi ya uzi haikumtisha. Lakini hii haikuwa kama kazi yoyote aliyoijua. Mkia wa unyoya. Tumbo la hariri ya kahawia lililozungushiwa uzi wa fedha. Shingoni, unyoya uliozungushwa mpaka nywele zake zikasimama pande zote kama miguu ya buibui. Na mbele kabisa kichwa kidogo cheusi, kigumu, kinachong'aa kama lami. Aliitazama mpaka macho yakamwuma. Kuitazama hakukumwonyesha kitu. Kilichotakiwa kilikuwa chini ya kile kinachoonekana.

"Nitaifungua," akasema.

"Hapana!" Emile akamshika mkono. "Ni hiyo moja tu. Ukiiharibu hatuna tena hata ya kumuonyesha."

"Hii moja haitakuokoa, baba Cécilia. Niachilie."

Alimwachilia, akageukia ukuta. Hakutaka kuona.

Léontine alianza kichwani. Ile lami ilikuwa ngumu. Aliikwaruza kwa wembe, ikapasuka, na fundo lililokuwa chini yake likakatika pamoja nayo, likawa vumbi kabla hajaona lilivyofungwa. Alisita. Kisha akajiambia kwamba fundo ni fundo, akaendelea. Unyoya wa shingo ulifunguka, akahesabu mizunguko yake kwa midomo. Uzi wa fedha ukafuata, halafu hariri, halafu mkia. Kila kipande alikiweka juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio kilivyotoka, ili ajue cha mwisho kufunguliwa ndicho cha kwanza kufungwa. Alipomaliza, mbele yake palikuwa na ndoano tupu na takataka kidogo ambazo chafya moja ingezipeperusha. Emile aligeuka, akaona, akakaa chini sakafuni.

Hariri alikuwa nayo, mabaki ya utarizi. Uzi wa fedha haukuwepo, kwa hiyo alikata utepe mwembamba kabisa wa karatasi inayong'aa ya pakiti za sigareti za Bwana. Ndoano ilitaka kushikwa isitikisike. Emile akaazima koleo kwa Atumani, fundi wa baiskeli, akalifunga kwa kamba kwenye mguu wa kiti uliogeuzwa juu. Kilichokosekana ni manyoya. Manyoya ya mkia wa kuku yalikuwa mapana mno, yalivunjika yakizungushwa. Yaliyotakiwa yalikuwa marefu, membamba, yenye kung'aa, na hayo huota shingoni mwa jogoo mzee peke yake. Jogoo wa namna hiyo, mwekundu kama kutu, alikuwa mmoja tu hapo jirani, naye alikuwa wa Hawa.

Hawa alikuwa mjane, Mwislamu, mkubwa kwa Léontine kwa miaka mingi, hivyo akiitwa naye yaya, dada mkubwa, na ulimi wake haukuwa na mlango. Léontine alimkuta anatwanga majani ya muhogo ya sombe.

"Yaya Hawa, nimekuja kukuomba manyoya. Ya shingo ya jogoo wako."

Mchi ulisimama hewani. "Ya shingo. Na jogoo mwenyewe?"

"Abaki muzima."

"Mutu anakuja kwangu asubuhi kuomba manyoya ya shingo ya jogoo muzima." Hawa aliuweka mchi chini polepole. "Ni dawa ya nani hiyo, Léontine? Unataka kumufunga nani?"

Léontine alipima moyoni. Akisema ukweli, kabla ya jua kuzama kituo kizima kingejua. Asiposema, Hawa angesema mwenyewe, tena kibaya zaidi. "Hakuna dawa, yaya. Naapa kwa mutoto wangu huyu. Ni kazi ya sindano. Nisipoimaliza, baba yake ataingia gerezani. Ukinisaidia, usiniulize. Ukikataa, basi usiseme nilikuja."

Hawa alimtazama usoni, kisha akamtazama mtoto. "Utang'oa mbele ya macho yangu," akasema. "Na nitamushika miye mwenyewe. Weye utamuumiza."

Siku zilizofuata Léontine hakwenda shambani. Alikaa nyuma ya nyumba, mkeka umetundikwa kama ukuta, na kila nyayo zilipopita barabarani alitupa kitenge juu ya kazi yake na kujifanya ananyonyesha. Nzi ya kwanza ilikuwa donge. Ya pili, uzi ulikatika. Ya tatu aliifikisha mpaka shingoni, kisha unyoya ukamteleza na kujifungua wote kwa mara moja, ndoano ikamchoma kidole gumba mpaka ndani. Aliichomoa akilia kwa hasira zaidi ya maumivu. Polepole vidole vilijua. Alijifunza kupaka uzi nta ya nyuki ili ushike. Kuuvuta karibu na kukatika bila kuukata. Kuacha nafasi mbele, nyuma ya tundu la ndoano, maana ukiwa na tamaa ya kulinenepesha tumbo, kichwa hakina pa kukaa. Mwisho alifunga fundo la kawaida la mshonaji na kulipaka utomvu wa mti. Ulipokauka uling'aa sawasawa na ile lami.

Emile alizitazama zikiwa zimepangwa juu ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akapumua hadi chini. "Hata mama aliyemuzaa Bwana hawezi kujua," akasema.

Kamio, lori la kampuni, ilifika siku moja kabla ya siku iliyotajwa.

Honi ilisikika toka mbali, Emile akakimbia na kisanduku chini ya koti huku safu nzima ya mwisho ikiwa bado ndoano tupu. Mchana huohuo Bwana alituma neno: mke wa boi aje mtoni na vyombo, mgeni anataka kula kwenye upepo. Léontine alimfunga Cécilia mgongoni, akabeba kikapu cha sahani kichwani.

Luama siku ile ulikuwa umepungua, maji ya rangi ya chai yakipita kati ya mawe. Mkubwa wa Kasongo alikuwa mzee mnene, mwenye kikohozi na kicheko, akivaa kaptula pana. Bwana Mbio alikifungua kisanduku mbele yake kwa mikono miwili. Léontine aliinama juu ya sahani ambazo zilikuwa safi tayari, akaziosha tena. Alimwona Bwana akikunja uso, akigusa ile safu tupu. Alimwona akitaka kusema neno. Lakini mkubwa alikuwa ameshanyosha kidole, ameshachagua nzi, anacheka.

Ufito ulipinda nyuma, mshipi ukaruka juu ya maji, nzi ikatua bila kishindo. Samaki hakuja. Mzee akarusha tena. Safari hii maji yalipasuka, mgongo wa shaba ukaonekana, mshipi ukakaza, halafu ukalegea. Mzee aliuvuta. Mwishoni palining'inia ndoano, na nyuma yake uzi mrefu wa hariri unaofunguka wenyewe, unazidi kufunguka. Unyoya mwekundu ulikuwa unakwenda zake na mkondo.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alisema kitu kwa Kifaransa, na Léontine, aliyekisikia Kifaransa kwa masista, alikielewa: alikuwa anamwuliza mwenyeji wake amenunua vitu hivi kwenye duka gani la watoto.

Bwana Mbio hakucheka. Shingo yake ilipanda rangi kuanzia kwenye kola. Alichukua nzi nyingine kisandukuni, akaisugua kati ya vidole vilivyolowa. Utomvu ulilainika, fundo likateleza. Akachukua nyingine. Kisha akageuka.

"Nani alifanya hii?"

Léontine alisimama. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Ni miye, Bwana," Emile akasema haraka, akapita mbele yake. Alimtupia mkewe jicho, mara moja tu, likateremka mpaka kwenye miguu ya mtoto iliyochomoza kwenye kitenge. Léontine alifunga mdomo. Maisha yake yote baadaye hakupata kusahau uzito wa kuufunga.

Walimfungia Emile katika depo ya pamba, nyumba ya mabati isiyo na dirisha. Kesho yake, mara tu wazungu watakapotoka kuvua kwa mara ya mwisho, kamio itarudi Kasongo, naye atapakiwa kupelekwa kushtakiwa kwa wizi wa nzi za kweli. Léontine alipita ukutani akagonga bati kwa kidole. Toka ndani, sauti kavu ikasema, "Nenda nyumbani." Joto la bati lilimchoma alipoegemeza kiganja.

Hakwenda nyumbani. Alichukua koleo la Atumani, hariri, nta na manyoya yaliyobaki, akapanda moja kwa moja hadi baraza ya Bwana Mbio. Jua lilikuwa bado kali. Mkubwa alikuwa amelala ndani. Kikohozi chake kilisikika kupitia pazia. Bwana alikuwa peke yake mezani, kisanduku wazi mbele yake, akijaribu kuzungushia ndoano moja uzi wa kushonea vifungo. Vidole vyake vilikuwa vinene, na uzi ulimteleza.

"Hapana ruksa kuingia hapa," akasema bila kuinua kichwa.

"Bwana, mume wangu hajui hata kushona kifungo. Ni miye niliyetengeneza."

Aliinua kichwa.

"Nondo walikula nzi za Bwana kwa sababu yangu, maana dawa iko katika sanduku langu. Zote nilizifunga miye."

"Weye muongo. Onyesha."

Alichuchumaa sakafuni, akalibana koleo kati ya magoti, akaiweka ndoano. Alimsikia Bwana akisogeza kiti, akahisi kivuli chake juu ya mikono yake. Mkia. Hariri. Utepe wa karatasi. Unyoya, ukizungushwa taratibu, ukisukumwa nyuma kwa ncha ya kucha. Alifika kwenye kichwa, akatengeneza tanzi la fundo lake.

"Simama," Bwana akasema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Pale. Pale ndipo inakufa. Hii ni fundo ya nguo. Maji inafungua."

Alipiga goti moja sakafuni, akachukua uzi mkononi mwake. Akaulaza juu ya ndoano, akauzungusha uzi juu ya uzi, ukijifunika wenyewe mzunguko kwa mzunguko, kisha akavuta ncha na uzi ukajimeza, hakikubaki kitu cha kushika. Aliufanya taratibu mno, kama mtu anayekumbuka kitu alichofundishwa na mtu aliyempenda. Kisha akaufungua akampa.

"Fanya."

Akafanya. Alikosea, akafanya tena. Safari ya tatu uzi ulijimeza, na Bwana aliposugua kichwa cha nzi kwa kidole kilicholowa hakikusogea. Aliingia ndani, akatoka na chupa ndogo ya vanishi nyeusi, akaiweka karibu naye, akaketi tena.

"Muzuri. Sasa fanya ingine. Fanya kwa safu yote. Kesho asubuhi Bwana mukubwa anavua."

Léontine alichomoa ile nzi kutoka kwenye koleo, akaiweka juu ya meza. Kisha akaikunja mikono yake ndani ya kitenge.

"Juu ya nini unaacha?"

"Bwana, hii mikono haiwezi kazi leo. Baba wa mutoto wangu iko ndani ya bati."

"Ni mwizi."

"Hakuiba. Bwana ameona sasa ni nani alifanya."

Bwana alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alimwambia kwamba angeweza kumfungia na yeye humohumo. Kwamba mwanamke hawezi kumpangia kazi kwenye baraza yake mwenyewe. Léontine hakuinuka. Cécilia, aliyeshtuliwa na kelele, akaanza kulia kwa sauti iliyojaza nyumba nzima. Nyuma ya pazia kikohozi kilisikika, kisha kitanda, kisha sauti nzito ya mzee ikiuliza kwa Kifaransa kuna nini, na kama kesho kutakuwa na nzi za kweli au wavue kwa vifungo vya suruali.

Bwana Mbio alitazama pazia. Alitazama ile nzi moja juu ya meza. Taya zake zilisogea kama anayetafuna mfupa.

"Atatoka," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini boi yangu hapana tena. Nisimuone hapa."

"Ndiyo, Bwana."

Funguo zilianguka sakafuni mbele yake. Aliziokota, akashuka barazani.

Emile alitoka kwenye depo na nyuzi za pamba zimemganda usoni kwa jasho, midomo imepasuka. Alikunywa maji kibuyu kizima. Léontine alipomweleza alivyofanya, hakushukuru. Aliinamisha kichwa. "Ulinitoa mbele ya muzungu kama mutoto," akasema. Hata hivyo alikwenda naye mpaka nje ya ua wa Bwana, akakaa chini ya ukuta na mtoto mapajani, Léontine akifunga nzi barazani, mpaka safu yote ikaisha kabla ya taa kuwashwa.

Asubuhi kamio iliondoka bila yeye. Dereva alisimulia kwamba mzee alipata samaki watatu na kumpoteza wa nne, na kwamba nzi zilishika.

Emile alipewa shamba la pamba kama wanaume wengine wote, na mwaka ule wa kwanza mgongo ulimwuma na maneno yake yalikuwa machache. Bwana Mbio hakumsalimia tena Léontine, lakini kila baada ya muda ndoano zilikuja zimefungwa kwenye karatasi, na nzi zilirudi. Akahamishwa. Mzungu aliyemfuata alikuwa mtu wa bunduki, na ndoano za mwisho zilibaki kwa Léontine, hazina mwenyewe.

Msimu wa mvua ulipoanza, Léontine aliona wadudu wadogo wenye mabawa ya kijivu wakitoka majini kwenye Luama na kujaza hewa, na samaki wakiwafuata kwa vinywa wazi. Hawakufanana na nzi yoyote ya Ubeleji. Alimshika mmoja, akamtazama alivyokaa, akaenda kutafuta manyoya ya kanga.

Wanaume waliokuwa wakivuta nyavu chini walimwona mwanamke amesimama juu ya jiwe na ufito wa tete, wakaanza kumpigia kelele. Emile alikuwa ukingoni na Cécilia mkononi, ameinamisha kofia ili asijulikane. Nzi ya kijivu ilitua, ikapita kwenye jiwe la kwanza, ikapita la pili. Kisha tete likapinda hadi majini na mguu mmoja wa Léontine ukateleza.

"Baba Cécilia!"

Emile alimweka mtoto kwenye majani, akaingia majini na suruali yake, akalikamata tete juu ya mikono ya mkewe.

"Usivute!" Léontine akapiga kelele. "Muache akimbie kwanza. Muache!"

"Atakata!"

"Haikatiki. Nimeifunga miye."

Emile alilegeza mikono.